Fahali aonekanaye mzima, kundi lisilozaa: Magonjwa ya uzazi katika ng'ombe wa nyama

KATIKA soko la mifugo, ng'ombe jike anayevutia macho upesi ni yule aliyenona, mwenye ngozi inayong'aa na ambaye hana ndama anayemfuata. Mnunuzi aliyepoteza mifugo wake wakati wa kiangazi humwona kuwa bahati. Ni nadra ajiulize swali lililo wazi: kwa nini jike wa umri huu, ilhali wenzake wamekonda kwa kunyonyesha, hana ndama? Mara nyingi jibu ni kwamba amenona kwa sababu hazai. Alishika mimba ikaharibika, au hakushika kabisa, na nyasi ambazo zingegeuka maziwa zikageuka mafuta mwilini mwake. Anayemuuza anajua hivyo, au angalau anashuku.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu ukame wa 2020 hadi 2023, uliofagia mifugo katika maeneo kame ya Kenya. Wafugaji wa Kajiado, Laikipia, Samburu, Marsabit na Garissa, pamoja na wenye ranchi za Taita-Taveta, wamelazimika kujenga makundi upya kwa kununua ng'ombe mmoja hapa na wawili pale. Kundi lililokusanywa kutoka maboma 10 huleta pamoja maradhi ya maboma 10, na magonjwa ya uzazi ndiyo yanayosafiri kwa urahisi zaidi kwa kuwa mnyama anayeyabeba huonekana mzima kabisa.

Makala haya yanaeleza magonjwa hayo, milango yanayopitia na hatua ambazo mfugaji wa ng'ombe wa nyama anaweza kuchukua akishirikiana na daktari wa mifugo.

HESABU YA SIKU 82

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hukama kila siku, na kasoro ikitokea huiona ndooni. Mfugaji wa nyama hana ndoo ya kumwonya. Zao lake ni moja tu kwa mwaka, nalo ni ndama.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, na kwa ng'ombe wenye nundu kama Boran huenda ikapita hapo kidogo. Ukiziondoa siku hizo katika 365, zinabaki 82. Ndani ya siku hizo jike anapaswa kupona baada ya kuzaa, kurudi kwenye joto na kushika mimba tena, ikiwa anatarajiwa kuleta ndama kila mwaka. Joto hurudi kila baada ya siku 21. Kwa hivyo, kizazi chake kikishapona, jike ana nafasi 2 au 3 pekee. Ugonjwa unaomnyang'anya nafasi hizo umemnyang'anya mfugaji mapato ya mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa kundi la majike 100. Katika mwaka mwema, 80 kati yao wakapata ndama. Ugonjwa ukaingia na idadi hiyo ikashuka hadi 55. Ndama 25 wamepotea, na hakuna mzoga hata mmoja ulioonekana. Ng'ombe mmoja akifa kwa ndigana, kijiji kizima hupata habari kabla ya jua kutua. Ndama 25 ambao hawakuzaliwa hawaliliwi na yeyote. Mfugaji hulaumu mvua, hulaumu nyasi, hulaumu mchungaji, na mwaka wa pili hupita vivyo hivyo.

Ni kweli kwamba si kila jike asiyezaa ni mgonjwa. Katika maeneo kame, njaa ndiyo sababu ya kwanza ya majike kukosa mimba, na daktari yeyote mwenye busara huanza kwa kutazama mbavu. Jike aliyezaa akiwa amekonda anaweza kukaa miezi mingi bila kuingia kwenye joto hata kama kundi lina mafahali bora. Ukosefu wa madini, hasa fosforasi, huzidisha tatizo, na chumvi ya kulambwa iliyo na madini hayo ni matumizi ya pesa yasiyopaswa kuonewa uchoyo.

Ipo njia nyepesi ya kutenganisha njaa na maradhi. Iwapo waliokonda ndio hawashiki mimba huku walionona wakizaa, tatizo ni malisho. Iwapo walionona nao hawashiki, ugonjwa ushukiwe. Na iwapo majike wakongwe wanazaa kama kawaida lakini mitamba waliopandwa kwa mara ya kwanza wanashindwa, basi huenda ugonjwa wa zinaa umekwisha kukita mizizi katika kundi: wakongwe wamejijengea kinga fulani, na wageni ndio wanaoumia.

MSHUKIWA AMBAYE HASHUKIWI

Kiswahili chenyewe kimemwelemea jike. Tuna neno tasa, na kila mchungaji akilisikia hufikiria ng'ombe jike. Kwa fahali ambaye anapanda kila siku bila kuacha mimba hatuna neno la kila siku la kumtaja, na labda ndiyo maana ni yeye wa mwisho kuchunguzwa. Ilhali jike mmoja mgonjwa hupoteza ndama wake mmoja, fahali mmoja mgonjwa huweza kupoteza ndama wa majike wote 25 au 30 aliopangiwa.

Magonjwa mawili ya zinaa ndiyo makuu. La kwanza ni trikomoniasi, linaloletwa na kijidudu cha seli moja kiitwacho Tritrichomonas foetus. La pili ni kampilobakteriosi, ambalo zamani liliitwa vibriosi, nalo huletwa na bakteria. Kwa mfugaji dalili za magonjwa haya hazitofautiani sana. Jike hupandwa, hushika mimba, kisha kiinitete hufa katika wiki au miezi ya mwanzo, kikiwa kidogo kiasi kwamba hakuna anayekiona kikitoka. Baadaye jike hurudi kwenye joto, lakini si baada ya zile siku 21. Hurudi baada ya siku 35, 50 au zaidi. Baadhi ya majike hutokwa na usaha. Mara chache mimba huharibika ikiwa na miezi kadhaa na mchungaji akaiona.

Fahali, kwa upande wake, haonyeshi lolote. Hana homa, hana kidonda, hamu yake ya kupanda iko pale pale, na mbegu zake zikitazamwa kwa hadubini huenda zikasifiwa. Vijidudu hukaa juu ya ngozi ya uume na ndani ya govi, katika mikunjo midogo ambayo huzidi kuwa na kina kadiri fahali anavyozeeka. Ndiyo sababu fahali aliyepita miaka 3 au 4 akiambukizwa huweza kubaki na maradhi maisha yake yote, huku fahali kijana akiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuepuka kuwa hifadhi ya kudumu. Fahali mkongwe mwenye sifa, yule anayeazimwa na majirani watatu kwa zamu, ndiye hatari kuliko wote.

Jike ana bahati zaidi. Akipumzishwa asipandwe kwa miezi 3 au 4, mwili wake kwa kawaida huufukuza ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, kinga anayoipata haidumu, na akirudishwa kwa fahali yule yule huambukizwa upya. Kutibu majike huku fahali akiachwa ni sawa na kuteka maji kwa tenga.

Uchunguzi wa fahali haufanywi kwa damu. Daktari humpumzisha kwa wiki moja au mbili bila kupanda, kisha hukwangua na kufyonza majimaji kutoka ndani ya govi kwa mrija maalum. Iwapo maabara inaotesha vijidudu, jibu moja la kuwa hana halitoshi. Sampuli huchukuliwa mara 3, kila moja baada ya wiki. Kipimo cha kutambua chembe za urithi za kijidudu ni chepesi zaidi kupata jibu pale kinapopatikana. Jambo moja ambalo limeharibu sampuli nyingi ni barafu: vijidudu vya trikomoniasi havivumilii baridi kali, na sampuli iliyofungwa pamoja na barafu safarini hufika maabara ikiwa haina maana. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, na zipo za kimaeneo Mariakani, Garissa, Nakuru, Eldoret, Kericho na Karatina.

Akipatikana na trikomoniasi, fahali huyo apelekwe kichinjioni. Nyama yake haina dosari kwa sababu hiyo, lakini yeye asiuzwe kwa kuzalisha. Kampilobakteriosi ina nafuu kidogo, kwa kuwa ipo chanjo ya ugonjwa huo ulimwenguni na fahali wa thamani kubwa anaweza kutibiwa na daktari kwa viuavijasumu. Kwa maoni yangu, hata hapo mfugaji wa kawaida aanze kwa kuuliza bei ya matibabu na ya kurudia vipimo, kisha ailinganishe na bei ya fahali kijana ambaye hajawahi kupanda.

Tatizo hili si geni nchini. Kituo cha upandishaji wa mbegu kwa mrija cha Kabete, ambacho leo kinajulikana kwa ufupisho KAGRC, kilianzishwa 1946, na miongoni mwa sababu zilizosukuma huduma hiyo ni magonjwa ya uzazi yaliyokuwa yakienezwa na mafahali mashambani. Mbegu kutoka kituo kinachopima mafahali wake hukata mnyororo wa ugonjwa wa zinaa mara moja. Ugumu wa njia hiyo kwa ng'ombe wa nyama unafahamika: ni nani atakayemtambua jike aliye kwenye joto katika kundi la 300 lililotawanyika porini? Ranchi zinazotumia mbegu za mrija hulazimika kuwadunga majike homoni ili waingie kwenye joto kwa wakati mmoja, jambo linalohitaji fedha, zizi imara la kuwabania ng'ombe na watu waliofunzwa. Mfugaji aliye na majike 15 karibu na barabara anaweza kuimudu. Wengine watabaki na fahali, na ni heri wamjue.

MSIMU WA KUPANDA

Katika makundi mengi fahali hukaa na majike mwaka mzima. Desturi hiyo inaonekana rahisi, na ndiyo inayoficha ugonjwa. Ndama huzaliwa Januari, wengine Mei, wengine Septemba, na hakuna awezaye kusema ni jike yupi aliyechelewa au kwa nini.

Fahali akitengwa na kuachiliwa kwa siku 60 hadi 90 tu, mambo hubadilika. Chukua mfugaji anayetaka ndama wake wazaliwe mvua za masika zinapoanza. Akiwaachilia mafahali katikati ya Juni na kuwatoa katikati ya Agosti, ndama watazaliwa kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei. Majike watakuwa wamepandwa wakiwa bado na nguvu za majani ya masika yaliyopita, na watanyonyesha wakati nyasi ni tele. Kwa maeneo yanayotegemea zaidi mvua za vuli, fahali huachiliwa kuanzia katikati ya Januari.

Baada ya hapo, kiasi cha miezi 2 au 3 tangu mafahali watolewe, daktari huwapima majike mimba kwa mkono. Siku hiyo moja humpa mfugaji habari ambazo angezingoja mwaka mzima. Majike watupu hutengwa. Waliokonda huangaliwa malisho. Walionona bila sababu ya kukosa mimba huuzwa kwa nyama kabla kiangazi hakijawapunguzia uzani. Mimba zikiwa nyingi siku ya kupimwa lakini ndama wakawa wachache wakati wa kuzaa, kuna ugonjwa unaoharibu mimba kubwa, na shaka ihame kutoka kwa fahali hadi kwa maradhi kama brusela. Mimba zikiwa chache tangu siku ya kupimwa, fahali achunguzwe kwanza. Tofauti hiyo moja huokoa fedha nyingi za maabara.

Daftari la kawaida la shule linatosha kwa kazi hii: nambari ya sikioni, tarehe ya kupandwa ikijulikana, jibu la kipimo cha mimba, tarehe ya kuzaa. Mimba 1 au 2 katika kila 100 huharibika bila sababu ya kutisha. Zikifika 3 hadi 5, daktari aitwe. Asiye na daftari hawezi kujua ni ngapi.

BRUSELA, UGONJWA WA BOMA NA WA NYUMBA

Ikiwa trikomoniasi huumiza mfuko wa mfugaji, brusela huingia hadi jikoni kwake. Viini vya jamii hii viligunduliwa na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, kisiwani Malta mnamo 1887, alipokuwa akitafuta chanzo cha homa iliyowasumbua wanajeshi. Miaka 10 baadaye, mnamo 1897, Bernhard Bang wa Denmark alivipata vile vinavyoharibu mimba za ng'ombe. Ilichukua muda kabla ya kufahamika kwamba homa ile ya watu na kuharibika kule kwa mimba ni matawi ya mti mmoja.

Katika ng'ombe, brusela haienei hasa kwa kupandana. Jike huambukizwa mdomoni, kwa kula nyasi, kunywa maji au kulamba vitu vilivyochafuliwa na jike aliyetupa mimba. Viini hukimbilia kizazi chenye mimba, huharibu kondo la nyuma, na mimba hutoka kuanzia mwezi wa 5, mara nyingi mwezi wa 7 au wa 8. Kondo hukwama. Maji, damu na kondo vinavyotoka vimejaa viini kwa wingi usiohesabika, na ng'ombe wengine, kwa udadisi wao wa asili, huja kunusa na kulamba. Mahali penye kivuli na unyevu viini hivyo huweza kuishi miezi. Juani hufa upesi.

Linalowapotosha wafugaji ni kinachofuata. Jike aliyetupa mimba mara moja, mara nyingi hubeba mimba inayofuata hadi mwisho na kuzaa ndama mzima. Mfugaji hufurahi na kusema amepona. Hajapona. Kila anapozaa humwaga viini, na maziwa yake huwa navyo pia. Baadhi ya ndama wake jike huzaliwa na ugonjwa ukiwa umejificha, wasionekane hata kwa kipimo cha damu hadi watakapobeba mimba yao ya kwanza. Dalili nyingine inayoonekana katika makundi yaliyoambukizwa siku nyingi ni uvimbe wa maji kwenye magoti ya mbele. Fahali huweza kuvimba korodani.

Kwa binadamu, ugonjwa huanza kwa homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Wengi hutibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, na miezi hupita. Katika hali mbaya ugonjwa huharibu uti wa mgongo, korodani au moyo. Njia za kuambukizwa ni mbili kuu: maziwa mabichi, na mikono mitupu inayomsaidia ng'ombe kuzaa au kuvuta kondo lililokwama. Katika jamii nyingi za wafugaji kazi ya pili hufanywa na vijana wachungaji, na ya kukama hufanywa na akina mama. Nyama iliyoiva haina hatari hiyo, wala maziwa yaliyochemshwa hadi yakatokota.

Tiba kwa binadamu ipo: dawa mbili kwa pamoja, mathalani doksisiklini na rifampisini, kwa wiki zisizopungua 6. Anayeacha baada ya wiki mbili kwa kuwa homa imetulia hukaribisha ugonjwa urudi. Hata hivyo, ni muhimu kuhakikisha kwamba kipimo kimefanywa vyema. Kipimo cha bei nafuu kilichotumika kwa miaka mingi katika zahanati za Kenya kilipolinganishwa na vipimo bora kilibainika kuwaita wagonjwa watu wengi wasio na brusela. Kipimo cha Rose Bengal kinaaminika zaidi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ni kipi kilichotumika. Mnamo 2015 brusela iliorodheshwa miongoni mwa magonjwa 5 yanayopewa kipaumbele nchini kati ya yale yanayotoka kwa wanyama na kuwapata watu.

Ng'ombe hawatibiwi brusela. Viini hujificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa haifiki ipasavyo, gharama ni kubwa, na mnyama hubaki hatari. Kinachowezekana ni kupima, kutenga, kuchinja na kuchanja. Rose Bengal hutumika pia kwa damu ya ng'ombe. Wanaopatikana huthibitishwa kwa kipimo cha pili, kisha hupelekwa kichinjioni ambako mkaguzi wa nyama huondoa kiwele na sehemu za uzazi. Kundi lililobaki hupimwa tena na tena hadi lionekane safi.

Hapa ndipo penye ugumu ambao miongozo ya kitaalamu huuruka. Mfugaji aliyetoka katika ukame na majike 20, akiambiwa 6 kati yao wana brusela, hatawachinja wote kesho, hasa wakiwa wamebeba mimba. Ushauri unaotekelezeka ni huu: wapigwe alama isiyofutika, watengwe na mitamba, wazalie mahali pao pekee mbali na maji ya kundi, maziwa yao yasinywewe mabichi na yeyote, na wauzwe kichinjioni mmoja mmoja kadiri mitamba waliochanjwa wanavyokua na kujaza nafasi. Ni njia ndefu, itachukua miaka kadhaa. Lakini si sawa na kuwauza sokoni kwa mfugaji mwingine, jambo ambalo linafanyika na ambalo halina jina jingine ila dhuluma.

Chanjo ya S19 hutolewa mara moja kwa ndama jike wenye umri wa miezi 3 hadi 8. Ndama dume hawachanjwi. Jike mwenye mimba akidungwa anaweza kuitupa, na aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kuonekana mgonjwa kwenye vipimo vya damu ilhali ni chanjo. Chanjo hii ni ya viini hai, na sindano ikimchoma mchanjaji humwambukiza. Kwa hivyo ni kazi ya daktari aliyevaa glavu na miwani, wala si ya mchungaji aliyenunua chupa.

SAA ILE MIMBA INAPOTOKA

Mchungaji anapokuta mimba iliyotoka, yanayofanyika katika saa ile yana uzito kuliko dawa zote za baadaye. Asishike kwa mikono mitupu. Asipokuwa na glavu, mifuko ya plastiki mikononi ni afadhali kuliko ngozi. Mwanamke mjamzito asikaribie kabisa. Ndama aliyetoka pamoja na kondo vifungwe katika mifuko miwili na kupelekwa maabara siku hiyo hiyo, safari hii vikiwa na barafu. Visivyopelekwa vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu. Jike atengwe hadi majimaji yakome, na kundi lisilishwe mahali pale. Daktari huchukua damu yake siku hiyo na tena baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu mabadiliko kati ya sampuli hizo mbili husema mengi kuliko sampuli moja.

Na mbwa wasipewe. Katika maboma mengi kondo la nyuma ni chakula cha mbwa bila mtu kufikiria. Mbali na kusambaza viini vya brusela, mbwa hueneza neospora, kijidudu kinachotoka na kinyesi chao, kikaingia malishoni na kuharibu mimba za ng'ombe. Jike aliyekipata hukirithisha kwa ndama wake tumboni, kizazi baada ya kizazi.

Yapo magonjwa mengine ambayo maabara itayatafuta. Leptospirosi huenea kwa mkojo na maji yaliyotuama, nayo huwapata watu pia. Virusi vya kuhara kwa ng'ombe, vikimpata jike katika miezi ya mwanzo ya mimba, huzaa ndama anayebeba na kumwaga virusi maisha yake yote. Ugonjwa wa miguu na midomo huweza kuangusha mimba kwa ukali wa homa peke yake.

Homa ya Bonde la Ufa inastahili kutajwa kivyake. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, karibu na Naivasha, mnamo 1931, na imelipuka baada ya mvua kubwa zisizo za kawaida, kama ilivyokuwa 1997 na 1998, kisha 2006 na 2007. Hapo mimba hazitoki moja moja. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa kwa wingi katika siku chache, na wana wachanga hufa. Ukiona hivyo baada ya mafuriko na mbu wengi, usichinje, usichune, usiguse damu, na ripoti itolewe siku hiyo hiyo. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliwaua watu zaidi ya 100 nchini. Chanjo hutolewa kabla ya mvua hizo, na ile ya viini hai ya aina ya Smithburn haipewi majike wenye mimba.

KABLA YA KUMFUNGULIA MGENI LANGO

Mfugaji anayenunua ng'ombe wa kuzalisha anahitaji mambo machache ambayo dalali hatamkumbusha. Mitamba na mafahali ambao hawajawahi kupanda au kupandwa ni salama zaidi kuliko jike mkubwa asiye na ndama, hata kama huyo wa pili ni wa bei nafuu na amenona. Kibali cha kusafirisha mifugo kinatakiwa kisheria, lakini hakisemi lolote kuhusu govi la fahali wala damu ya jike. Vipimo hivyo ni vya kuombwa mahususi, na ni bora mnunuzi avilipie mwenyewe kabla ya fedha za ng'ombe kutoka mfukoni.

Wakifika nyumbani, wageni wakae kando siku zisizopungua 30, na maji yao, na mchungaji wao ikiwezekana. Kipimo cha brusela kirudiwe mwisho wa muda huo kwa kuwa aliyeambukizwa wiki moja kabla ya kuuzwa huweza kupita kipimo cha kwanza. Jike aliyenunuliwa akiwa na mimba abaki kando hadi azae, apimwe baada ya kuzaa, ndipo ajiunge na wenzake. Fahali wa ranchi ya jamii, anayepanda majike wa wanachama wote, apimwe kila mwaka kabla ya msimu, na gharama igawanywe kwa idadi ya majike. Kwa fahali 4 na majike 100, mzigo wa kila jike ni mdogo mno kando ya thamani ya ndama mmoja.